Kila Kimelea Kina Mlango Wake

Kuhara na kutapika kukizuka bwenini, ofisini au wodini, jambo la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kugawa chupa za kitakasa mikono. Nia ni njema, lakini kama chanzo ni norovirusi, chupa hizo zitasaidia kidogo sana. Pombe huvunja virusi vyenye utando wa mafuta, na norovirusi haina utando huo. Sabuni na maji yanayotiririka vingefaa zaidi, kwa kuwa vinaing'oa mikononi na kuipeleka na maji hata kama haijafa.

Ndiyo maana neno "vijidudu" peke yake halitoshi. Inabidi ujue ni kimelea cha aina gani, kinatokea wapi mwilini, kinasafiri na nini, na kinaingilia wapi kwa mtu wa pili. Ukiyajua hayo manne utajua pa kukikatia njia. Usipoyajua utatoka jasho ukilinda mlango ambao kimelea hakipiti.

Kwanza tuwatoe lawamani wasiohusika. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kubeba bakteria trilioni 38, idadi isiyopishana sana na ya seli za mwili wenyewe. Wengi wako kwenye utumbo mpana, na wana kazi: wanachachua nyuzinyuzi za chakula, wanatengeneza vitamini K, na wanawanyima nafasi bakteria wageni. Shida huanza mwenyeji anapohama makazi. E. coli wa kawaida ni mkazi halali wa utumbo, lakini akipanda kwenye njia ya mkojo yeye ndiye msababishi mkuu wa maambukizi ya huko. Staphylococcus aureus hukaa puani mwa takribani mtu mmoja kati ya watatu bila kumsumbua. Akipenya kwenye jeraha huleta jipu, na akifika kwenye damu anaweza kuua. Bakteria ni yule yule, mahali ndipo pamebadilika.

Bakteria

Bakteria ni seli moja iliyojitosheleza. Ana ukuta wake, anakula, anagawanyika mwenyewe. Wengi wana urefu wa mikromita moja hadi tano, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. E. coli akipata joto na lishe nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja akiachwa kwa saa 7 katika hali hiyo anazidi milioni mbili. Bakteria wa kifua kikuu huchukua saa 15 hadi 20 kugawanyika mara moja tu, na baadhi yao hutulia kabisa kwa muda. Dawa nyingi humpiga bakteria anapokua, kwa hiyo anayekua polepole na kulala katikati ya safari hummaliza mgonjwa uvumilivu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huenda hadi miezi 6, ingawa kikohozi hupungua mapema zaidi. Anayeacha dawa kwa sababu amepata nafuu anawaacha hai wale waliokuwa wagumu kufa.

Maabara huwagawa bakteria kwa rangi iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Wenye ukuta mwembamba na utando wa ziada nje huonekana waridi. Utando huo wa nje una mambo mawili ya kuangaliwa: huzuia dawa nyingi zisipenye, na ndani yake mna sumu ambayo bakteria wakipasuka kwa wingi kwenye damu hushusha shinikizo la damu kwa ghafla.

Halafu kuna bakteria wanaotengeneza spora. Jamaa za Bacillus na Clostridium wakiona mazingira yamekuwa mabaya hujifunga ndani ya ganda gumu na kusubiri. Spora hustahimili ukavu, pombe na hata maji yanayochemka. Kuiua kwa uhakika hospitalini hutumika mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa dakika zisizopungua 15. Spora za pepopunda zimejaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, nazo huamka mahali pasipo na oksijeni. Kutu ya msumari haileti pepopunda. Kinachouleta ni udongo ulioganda kwenye msumari pamoja na kina cha tundu lisilofikiwa na hewa. Jeraha dogo lenye kina ni la kuogopwa kuliko mchubuko mpana.

Wali ni mfano mzuri wa kuitazama spora kwa karibu. Mchele mbichi mara nyingi huwa na spora za Bacillus cereus. Kupika huwaua bakteria walio macho lakini spora hubaki. Sufuria ikiachwa mezani, katikati ya wali hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, spora zinaamka, bakteria wanazaliana, na baadhi yao wanatoa sumu ya kutapisha. Jioni mtu anaupasha moto hadi unatoa moshi akiamini ameutakasa. Bakteria wamekufa kweli, lakini sumu ile haivunjwi na moto wa jikoni. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Kipindi hicho kifupi ndicho kinachoitambulisha sumu iliyokuwa tayari imeshatengenezwa ndani ya chakula, kwa sababu bakteria anayehitaji kwanza kuzaliana utumboni kwa kawaida huchelewa zaidi. Staphylococcus hufanya vivyo hivyo, akitokea kwenye kidole chenye kidonda cha mpishi. Dawa yake ni kupoza haraka: tandaza chakula kwenye vyombo vipana kwa kina kisichozidi sentimita 5 hivi, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, chini ya nyuzi joto 5. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo bakteria wa chakula wanapostawi.

Virusi

Kirusi si seli. Ni maagizo ya urithi, ama DNA ama RNA, yaliyofungwa ndani ya gamba la protini. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), cha homa ya mafua karibu 100, yaani huwezi kukiona kwa hadubini ya kawaida. Hakili wala hakikui. Hushika kipokezi maalumu juu ya seli hai, huingia, kisha huilazimisha seli ile kutengeneza virusi vingine. Kwa kuwa kila kirusi hutafuta kipokezi chake, homa ya ini haishambulii mapafu na virusi vya kuhara havianzii puani.

Antibiotiki hupiga ukuta wa bakteria, au mitambo yake ya kutengenezea protini, au namna anavyonakili urithi wake. Kirusi hakina ukuta wala mitambo ya aina hiyo. Kwa hiyo amoksilini anayomeza mtu mwenye mafua haiui hata kirusi kimoja. Inafyeka bakteria wa kawaida utumboni na kuwapa uwanja wachache waliokuwa na usugu, na usugu huo huweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti, kwa vipande vidogo vya DNA. Hili linaniumiza kila mara, kwa sababu anayelipia gharama mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, mwenye nimonia ya bakteria inayohitaji dawa ile ile ifanye kazi.

Mgawanyo wa virusi wenye manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida ni huu: kina utando wa mafuta au hakina? Virusi vya homa ya mafua, korona, surua, Ukimwi na Ebola vina utando. Sabuni na pombe huuvunja, na kirusi kinakuwa hakifai kitu. Norovirusi, rotavirusi, polio na homa ya ini A havina. Hivi hustahimili asidi ya tumbo na kukaa juu ya meza, vitasa na vitu vingine kwa siku kadhaa. Ukali wa ugonjwa na ugumu wa kirusi nje ya mwili ni vitu viwili tofauti: kirusi cha Ukimwi ni dhaifu sana kikishakauka, ilhali norovirusi, ambayo watu wengi hupona kwa siku mbili tatu, ni sugu mno. Kirusi cha homa ya ini B kinavunja kanuni. Kina utando, lakini kwenye damu iliyokauka huweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Wanaotumia nyembe, sindano za kuchora mwili na vifaa vya kucha wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote.

Fangasi na protozoa

Seli ya fangasi inafanana na yetu kuliko ya bakteria, ndiyo sababu dawa za fangasi ni chache na zile za kumeza huhitaji uangalifu, hasa kwa ini. Fangasi wa mapunye na wa vidole vya miguu hula keratini, protini ya ngozi, nywele na kucha. Kosa linalorudiwa sana ni kupaka krimu yenye steroidi kwenye ngozi yenye mapunye. Wekundu na mwasho hupungua, kwa sababu kinga ya mahali pale imezimwa, huku fangasi akitanuka bila kipingamizi, na ile duara inayomsaidia mganga kuutambua ugonjwa inafutika. Kucha za miguu huchukua muda mrefu. Vidonge vya terbinafini kwa kawaida hunywewa wiki 12, na kucha huonekana nzima baadaye sana kwa kuwa ni lazima ile mbovu isukumwe nje yote.

Protozoa ni seli moja pia, lakini wana maisha yenye hatua nyingi. Plasmodiamu wa malaria huingia kupitia mate ya mbu jike wa Anopheles, hukimbilia kwenye ini ndani ya muda mfupi, hukua humo bila dalili kwa siku kadhaa, ndipo hutoka kushambulia chembe nyekundu za damu. Ndani ya mbu nako huhitaji siku 10 hivi au zaidi kufikia hatua ya kuambukiza. Mbu aliyemuuma mgonjwa jioni hii hawezi kukupa malaria ya mgonjwa huyo usiku huu. Virusi vya Ukimwi havisafiri na mbu kabisa: humeng'enywa tumboni mwake, na mbu anapouma hutema mate, hatemi damu aliyokunywa kabla.

Cryptosporidium, anayeleta kuhara kwa maji, anaidhihaki klorini. Ganda lake humwezesha kuishi siku nyingi kwenye bwawa la kuogelea lenye klorini ya kiwango cha kawaida. Maji yakishukiwa kuwa naye, yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika 3 kama uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye joto la chini zaidi.

Dalili ndizo barabara

Kipindupindu kinaonyesha vizuri jinsi bakteria anavyoweza kuua bila kuchubua chochote. Vibrio cholerae hushika ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayoziwasha seli zimwage chumvi bila kukoma. Maji huifuata chumvi. Mgonjwa mwenye hali mbaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Utumbo wenyewe haujaharibika, na njia ya kunyonya glukosi pamoja na sodiamu bado inafanya kazi. Hapo ndipo maji ya chumvi na sukari yanapookoa maisha. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari vilivyopimwa tayari, ni bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kuzidisha chumvi ni hatari kwa mtoto kuliko kuipunguza. Kuzidisha sukari huongeza kuhara, kwani sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni. Anayelegea, asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu anahitaji dripu, na hakuna la kusubiri nyumbani.

Uharibifu mwingine hufanywa na kinga yetu wenyewe. Kirusi cha homa ya ini B hakiui seli za ini moja kwa moja; askari wa mwili ndio wanaoziua wakikiwinda.

Kuhara huko, kikohozi, chafya, malengelenge yanayopasuka, yote ni milango ya kutokea. Kimelea kinachomfanya mtu akohoe kinasafiri kwa hewa, na kinachomharisha kinasafiri kwa maji, mikono na chakula. Ukiiona dalili kuu umeshaanza kuijua njia.

Kwa hewa, tofautisha matone makubwa na chembe ndogo. Matone makubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Chembe ndogo za surua na kifua kikuu huelea. Hewa ya chumba alimokuwa mgonjwa wa surua inaweza kuambukiza hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea. Mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga huambukiza 12 hadi 18. Kufuta meza hakusaidii lolote hapo. Chanjo, madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, na barakoa inayobana uso ndivyo vinavyosaidia.

Kwa kinyesi na mdomo, kiasi kinachotosha kuambukiza ndicho huamua mengi. Bakteria wa kipindupindu hufa wengi kwenye asidi ya tumbo, hivyo mtu mwenye afya kwa kawaida huhitaji kumeza mamilioni. Ndiyo maana huenea hasa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa sana. Shigella, anayeleta kuhara damu, huhitaji 10 hadi 100 tu. Kwake inatosha mkono ulioguswa, taulo au kitasa. Ukijenga kisima safi utakipiga kipindupindu pigo kubwa, lakini kuhara damu kutaendelea kama hapana sabuni kando ya choo.

Kwa damu, sindano iliyomchoma mhudumu baada ya kutoka kwa mgonjwa huambukiza Ukimwi kwa takribani asilimia 0.3, na homa ya ini B hadi asilimia 30 kwa asiyechanjwa. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, usikamue, na uende ukapate dawa za kujikinga dhidi ya Ukimwi haraka, saa za mwanzo zikiwa bora na mwisho ukiwa saa 72. Dawa hizo hunywewa siku 28. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa unayemshuku kichaa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kabla ya jambo lolote jingine, kisha ukapate chanjo siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kusafisha matapishi kwa usahihi

Hapa ndipo pengo kati ya nia na matokeo lilipo kubwa. Matapishi ya mgonjwa wa norovirusi huweza kuwa na virusi kwa mamilioni, na vichache kabisa, pengine chini ya 20, vinaweza kutosha kumwambukiza mtu. Ondoa watu, fungua madirisha, vaa glavu, barakoa na aproni. Funika matapishi kwa karatasi au matambara, uyakusanye kutoka pembeni kuelekea katikati, uyatie mfukoni na kuufunga. Usifagie na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwani vyote viwili hurusha chembe hewani. Osha sakafu kwa sabuni na maji. Baada ya hapo ndipo klorini.

Mpangilio huo haugeuzwi. Klorini huishia kwenye uchafu wa kwanza inaoukuta. Ukiimwaga juu ya matapishi itakwisha nguvu kabla haijakifikia kirusi. Kiwango kinachotakiwa kwa maji ya mwili ni asilimia 0.5. Soma chupa: kama dawa ya kufulia ina klorini ya asilimia 5, changanya sehemu moja ya dawa na 9 za maji, yaani mililita 100 za dawa na 900 za maji. Kama ni ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa 6. Vitasa, bomba na viti vya chooni hutosha asilimia 0.1, ambayo kwa dawa ya asilimia 5 ni mililita 20 zikiongezwa maji hadi lita moja. Acha sehemu uliyopaka ikiwa imelowa kwa dakika 10, kisha isuuze. Mchanganyiko wa jana umwage, maana klorini hupungua nguvu, na mwanga na joto huiharakisha. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala amonia, gesi inayotoka huunguza mapafu.

Nguo za mgonjwa zisikung'utwe. Zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, zikauke kabisa. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, halafu osha mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, ukipita kati ya vidole, gumba zote mbili na ncha za kucha, sehemu zinazorukwa na wengi. Kausha kwa kitambaa cha mtu mmoja au karatasi. Kitakasa cha pombe kina mahali pake: kwenye mikono isiyo na uchafu unaoonekana, dhidi ya bakteria na virusi vyenye utando, kikiwa na pombe asilimia 60 hadi 80, kusuguliwa sekunde 20 hadi 30 hadi kikauke. Pombe kavu ya asilimia 99 ni dhaifu zaidi, kwani maji yanahitajika ili protini za kimelea ziharibike.

Aliyeugua asirudi jikoni wala kazini mara tu anapojisikia vizuri. Angalau zipite saa 48 tangu kutapika au kuhara kwa mwisho. Virusi huendelea kutoka kwenye kinyesi kwa wiki mbili au zaidi baada ya hapo, kwa hiyo sabuni kando ya choo isiondolewe mgonjwa akipona, na kwa kipindi hicho chakula cha wengine kiandaliwe na mtu mwingine kama yupo.